Kupima gari kwa simu na kufuatilia moshi wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila wiki napokea picha ya dashibodi kwenye WhatsApp. Taa ya njano yenye umbo la injini imewaka, na chini yake maneno yaleyale: "Kaka, hii nini tena?" Siku hizi picha ya pili hufuata, ya kidude cheusi cha kuchomeka kwenye gari na kuunganisha na simu, kilichonunuliwa Kariakoo, na swali jingine: "Na hiki kinafanya kazi kweli?" Mimi ni fundi umeme wa magari, Dar es Salaam. Majibu nimeyakusanya hapa ili vidole vipumzike. Mengi yanahusu magari madogo ya Kijapani yaliyotumika, maana ndiyo yaliyojaa barabarani kwetu.

Hiki kidude kinapimaje gari bila waya?

Hakipimi. Gari ndilo linalojipima, kidude kinasikiliza na kupeleka habari. Chini ya usukani, karibu na magoti ya dereva, kuna soketi yenye nafasi 16 za pini. Nyuma ya soketi hiyo kuna kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, ambayo muda wote injini inapofanya kazi inasoma sensa: joto la maji, hewa inayoingia, mkao wa pedeli ya mafuta, oksijeni iliyobaki kwenye ekzosi. Simu inatuma swali kwa Bluetooth, kidude kinaligeuza kuwa lugha ya gari, jibu linarudi.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi kuliko SMS. Simu inauliza 010C, yaani "injini inazunguka mara ngapi kwa dakika?" Gari linajibu 41 0C 1A F8. Ile 41 ni kusema swali la kundi la 01 limesikika, 0C inarudia kilichoulizwa, na 1A F8 ndiyo hesabu yenyewe, imeandikwa kwa tarakimu za kompyuta. Ukiigeuza unapata 6,904. Ukigawanya kwa 4, ni mizunguko 1,726. Mshale wa dashibodi utakuonyesha karibu hapohapo, kwa sababu wote wawili wamemuuliza mtu mmoja.

Kwa hiyo sensa ikidanganya, simu nayo inadanganya, ila kwa rangi za kupendeza zaidi.

Kwa nini taa ya chekinjini inahusishwa na moshi? Mimi najua ni ya ubovu wa injini.

Wengi tunajua hivyo, na ndiyo maana inatuchanganya. Mfumo huu wa gari kujikagua haukuzaliwa gereji. Ulizaliwa California, ambako watu wa Los Angeles walikuwa wakiamka macho yanawasha kwa moshi wa magari yao wenyewe. Bodi ya hewa ya jimbo hilo ililazimisha magari ya modeli ya 1988 yaanze kujikagua. Mfumo wa pili, ulioleta soketi moja na namba za aina moja kwa watengenezaji wote, ulikuwa lazima Marekani nzima kuanzia modeli ya 1996. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli 2001, ya dizeli miaka michache baadaye.

Shabaha ilikuwa kumwambia dereva kwamba gari lake limeanza kuchafua hewa kupita kiasi. Kwa hitilafu nyingi taa hutakiwa kuwaka pale moshi unapokadiriwa kufika mara 1.5 ya kiwango ambacho gari liliruhusiwa likiwa jipya. Neno "unapokadiriwa" ulishike, tutalirudia.

Ndiyo maana injini inaweza kugonga kama mchi kwenye kinu na taa ikanyamaza. Klachi imeisha, taa kimya. Kumbe sensa moja ya oksijeni imepoteza kihita chake, gari linatembea vizuri kabisa, na taa inakukodolea macho kuanzia Mbagala hadi Bunju.

Kuna hali moja ya kuchukulia kwa uzito palepale: taa ikipepesa badala ya kuwaka moja kwa moja. Hapo injini inamisi vibaya, yaani silinda inashindwa kuwasha mafuta yake, na petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuungulia ndani ya masega, kile kichujio cha ekzosi kinachosafisha moshi. Punguza mwendo, zima AC, tafuta pa kuegesha. Ukiendelea na safari ya Dodoma, masega yatayeyuka njiani na bei ya plagi moja itageuka bei ya ekzosi nzima.

IST yangu ina soketi, lakini simu inagoma kuunganika. Nimeuziwa feki?

Huenda ndiyo, huenda hapana. Swali hili ndilo linaloongoza, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Soketi kuwa na umbo sahihi si ushahidi kwamba gari linazungumza lugha ya kimataifa. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe hayakubanwa na sheria ya Marekani wala ya Ulaya. Japani ilikuwa na utaratibu wake, nao ulikuja kukazwa 2008. Toyota nyingi za soko la ndani za miaka ya mwanzo ya 2000, ambazo ndizo IST, Vitz, Raum na Spacio zetu, zina soketi ya pini 16, lakini ukizisalimia kwa lugha ya kawaida hazikuitikii. Zinatumia waya mmoja wa zamani, pini namba 7, na zinataka zifunguliwe kwa maneno ya Toyota.

Una njia tatu. Ya kwanza: programu kama Torque zinakuruhusu kuandika amri za kuanzia mazungumzo kabla ya kuunganika. Wenye IST walishazitafuta na zinazunguka mitandaoni. Zikikubali, unapata data chache lakini za kweli. Ya pili: nenda kwa fundi mwenye mashine inayojua Toyota ya ndani, hiyo haihangaiki.

Ya tatu ni ya wazee, na inafanya kazi bila simu. Unaunganisha pini namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kuwasha injini, taa ya chekinjini inaanza kupepesa kwa kuhesabu. Mara mbili, kituo, mara mbili: 22, sensa ya joto la maji. Mara mbili, kituo, mara moja: 21, sensa ya oksijeni. Ikipepesa kwa mfululizo usio na kituo, hakuna kosa lililohifadhiwa. Tahadhari ni kwamba pini namba 16 ina umeme wa betri muda wote. Ukiikutanisha na 4, fyuzi inakwenda, na mara nyingine kinachokwenda si fyuzi. Kama huna uhakika pini zinahesabiwa kutokea wapi, acha.

Ninunue kipi, cha Bluetooth au cha Wi-Fi?

Android: Bluetooth. iPhone: Wi-Fi, au kile cha Bluetooth cha kizazi kipya kinachotumia umeme kidogo, maana iPhone hazikubali Bluetooth ya zamani ya vidude hivi. Cha Wi-Fi kina kero yake: simu ikiungana nacho mara nyingi inaacha intaneti, unashangaa WhatsApp imenyamaza.

Sasa kuhusu ufeki. Karibu vyote vimeandikwa ELM327. Hilo lilikuwa jina la chipu ya kampuni ndogo ya Kanada, Elm Electronics, iliyotoka 2005. Toleo la kwanza halikuwa na kinga dhidi ya kunakiliwa, likanakiliwa, na dunia ikajaa nakala. Kampuni yenyewe ilifunga shughuli 2022. Tena lile toleo maarufu la "v1.5" linalotangazwa kwenye maboksi, Elm hawakuwahi kulitoa. Kwa hiyo usijisumbue kutafuta orijino kwa maana ya jina. Tafuta kinachofanya kazi kwenye gari lako, na mwambie muuzaji mkakijaribu kabla hujalipa. Nakala mbovu inafanya jambo la kukera: inaunganika, inaonyesha mizunguko ya injini, halafu ikiulizwa namba za kosa inasema hakuna. Mtu anaondoka na furaha ya uongo.

Cha bei ya chini unakipata kwa hela isiyofika lita 20 za petroli. Vile vya kampuni zinazojulikana ni ghali mara kadhaa, na kwa mtu mwenye gari moja sioni sababu, isipokuwa kama gari lako ni la Ulaya na unataka kufika hadi kwenye ABS na mifuko ya hewa. Kidude cha kawaida kinaishia kwenye injini.

Mwenye Scania, Howo au FUSO ya volti 24: usichomeke kidude cha bei rahisi. Vingi vimeundwa kwa volti 12.

Imetoka P0420. Ninunue masega mapya?

Subiri. Namba hizi (mafundi tunaziita kodi, wala hazihusiani na TRA) zinataja dalili, hazitaji kipuri. Ni kama mtoto kusema tumbo linauma. P0420 inasema: kwa jinsi ninavyoona mimi kontroboksi, masega hayasafishi moshi inavyotakiwa.

Anaonaje? Kabla ya masega kuna sensa ya oksijeni, na baada yake kuna nyingine. Ya mbele, kwenye magari mengi, volti yake inapanda na kushuka bila kutulia, kati ya 0.1 na 0.9, kwa sababu mafuta yanaongezwa na kupunguzwa muda wote. Masega mazima yanahifadhi na kutoa oksijeni, kwa hiyo sensa ya nyuma inatulia, mara nyingi karibu na 0.6 au 0.7. Ikianza kucheza kama ya mbele, kontroboksi inahitimisha masega yamechoka.

Fungua programu, weka sensa zote mbili kwenye grafu moja, injini ikiwa imepata moto vizuri, shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika moja. Utaona kwa macho yako. Hapa ndipo kidude cha bei chee kinapolipa gharama yake yote. (Toyota nyingi za baadaye sensa ya mbele ni ya aina nyingine na haichezi hivyo, angalia ya nyuma tu.)

Hata ikicheza, bado usitoe hela. Ekzosi yenye tundu kabla ya sensa inavuta hewa na kuleta picha ileile. Injini inayokula oili inayapaka masega uchafu hadi yanakufa, na mapya yatakufa vivyo hivyo. Injini inayomisi, namba P0300 au P0301 na kuendelea, hutibiwa kwanza. Nimemwona mteja aliyenunuliwa masega, yakafungwa, wiki ya pili taa ikarudi. Tatizo lilikuwa koili ya silinda namba 3.

P0171 nayo ni hivyohivyo. Inasema hewa ni nyingi kuliko mafuta. Watu hukimbilia pampu ya mafuta. Angalia kwanza mpira wa hewa baada ya ea klina kama umepasuka, na sensa ya hewa kama imejaa vumbi. Kwa barabara zetu, vumbi ndilo mshitakiwa wa kwanza. Kwenye programu tafuta marekebisho ya muda mrefu ya mafuta: yakiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini, gari linajimudu. Yakifika 20 au zaidi, kuna mahali panavuja hewa, au sensa imechafuka.

Programu yangu inaonyesha gramu za CO2 kwa kilomita. Si ndiyo kipimo cha moshi?

Ni hesabu, si kipimo. Programu inachukua hewa iliyoingia, inagawanya kwa 14.7 kupata uzito wa petroli, halafu inazidisha. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa takriban kilo 2.3 za kaboni dayoksidi, ya dizeli takriban 2.7. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litatoa kilo 23 kwa kila kilomita 100, uwe na simu usiwe nayo. Kalamu na risiti ya sheli vinatosha.

Na CO2 siyo inayokukohoza. Kinachoumiza watu kwenye foleni ya Tazara ni kaboni monoksidi, petroli isiyoungua, oksidi za naitrojeni na masizi ya dizeli. Kwenye soketi ya gari la petroli la umri wa magari yetu hakuna sensa hata moja inayopima vitu hivyo moja kwa moja. Lile neno "unapokadiriwa" la juu ndilo hili. Anayetaka kujua moshi wenyewe lazima aingize mrija kwenye ekzosi na kuunganisha mashine ya gesi. Ulaya, gari la petroli lenye masega linapokaguliwa halitakiwi kuzidisha asilimia 0.5 ya kaboni monoksidi injini ikinguruma bila kukanyagwa, na la miaka ya karibuni hata 0.3. Tarakimu hiyo simu yako haitakupa, hata ulipie toleo la malipo.

Masega yangu yalitolewa na fundi ili gari "lipumue". Taa haiwaki. Kuna shida gani?

Taa haiwaki kwa sababu moja kati ya hizi: gari lako halina sensa ya nyuma; sensa imewekewa kipande cha chuma cha kuisogeza mbali na moshi ili idanganyike; au kontroboksi imeandikwa upya. Kwa vyovyote, gari limefungwa mdomo.

Kuhusu kupumua: masega yaliyoziba kweli yanabana injini, na hapo kuyatoa kunaleta nafuu inayoonekana. Masega mazima yakitolewa, nguvu unayopata kwenye injini ya 1.5 ni ya masikioni zaidi. Aliyepata faida ni aliyeyauza. Ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na mnunuzi wa masega chakavu anajua bei zake kuliko wewe. Gari likitoka gereji likinguruma kwa sauti mpya ambayo hukuiomba, chungulia chini. Mimi mwenyewe gari langu liliwahi kurudi hivyo. Sikuambulia kitu zaidi ya maneno.

Harufu itakuambia kabla ya mashine yoyote. Petroli mbichi inayochoma macho ukisimama nyuma ya gari, hiyo ni kazi ambayo masega yalikuwa yanaifanya.

Naweza kufuta namba kwa simu?

Unaweza, ni kubonyeza mara moja. Kosa likiwepo bado, itarudi. Kabla ya kufuta piga picha ya skrini, maana pamoja na namba kuna hali ya injini ilivyokuwa wakati kosa linatokea: joto, mwendo, mzigo. Ukifuta, ushahidi huo unaondoka na fundi anaanza kubahatisha.

Ila swali hili napenda kuligeuzia upande wa mnunuzi. Ukienda kuangalia gari la mtu, chomeka kidude na utafute vitu viwili: kilomita zilizotembewa tangu namba zifutwe, na hali ya vipimo vya ndani, vile ambavyo gari hujifanyia lenyewe baada ya kufutwa na huchukua siku kadhaa za kuendesha kukamilika. Gari linasema limetembea kilomita 6 tangu kufutwa na vipimo vingi havijakamilika? Kuna mtu amefuta asubuhi ya leo akijua unakuja. Muulize kwa upole. Wamarekani wanalijua jambo hili: kwenye ukaguzi wao wa kawaida, gari la modeli ya 2001 au baada yake likiwa na zaidi ya kipimo kimoja kisichokamilika linarudishwa nyumbani. Na kuanzia modeli za 2010 kuna namba za kudumu ambazo mashine haifuti. Zinaondoka zenyewe gari likithibitisha limepona.

Kwenye IST za zamani nilizozitaja, hila hii ya mnunuzi haifanyi kazi. Tega sikio, nusa, na mlipe fundi akague.

Nikiache kimechomekwa muda wote?

Hapana. Pini 16 haizimwi na swichi. Kidude kikila miliampia 40 tu, kwa siku ni karibu ampia-saa 1, na betri ndogo ya gari dogo ina 35 hivi. Tuliwahi kwenda Tanga wiki tatu nikakisahau kwenye gari la mke wangu. Tuliporudi, gari halikuwa na nguvu hata ya kufungua milango, na mimi sikuwa na la kusema.

Jambo la pili ni usalama. Nenosiri la vidude vingi ni 1234 au 0000, na vya Wi-Fi vingi havina kabisa. Aliyeegesha jirani anaweza kuunganika. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha California, San Diego, walionyesha wakizima breki za Corvette kwa kutuma SMS kwenye kidude cha ufuatiliaji kilichochomekwa kwenye soketi hii hii. Gari lilikuwa linakwenda polepole, lakini breki ni breki. Mwaka huohuo Fiat Chrysler ilirudisha magari milioni 1.4 baada ya watafiti wawili kuliingilia Jeep Cherokee kupitia mtandao wa simu, ingawa huko waliingilia redio ya gari, si soketi. Kidude kinachozungumza na mtandao wa simu muda wote kinahitaji tahadhari kuliko hiki cha Bluetooth unachochomeka dakika tano na kuchomoa.

Je, serikali inaweza kufuatilia moshi wa magari kwa njia hii, bila kutupanga foleni?

Kufuatilia gari kwa mbali si jambo geni kwetu. Abiria wa mabasi ya mikoani anaijua VTS, mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, wa kufuatilia mabasi: basi likizidisha mwendo, king'ora kinalia na taarifa inakwenda. Kiufundi, kuongeza namba za chekinjini kwenye mfumo wa namna hiyo hakuhitaji miujiza. Oregon wana utaratibu unaoitwa DEQ Too, ambapo taarifa za soketi zinasomwa kwa kidude na kutumwa kwa mtandao bila gari kwenda kituo cha serikali. California nayo, kwa malori yanayozidi takriban tani 6.3, inataka data za soketi ziwasilishwe kila baada ya muda, na mwenye lori anaweza kuacha kifaa kinachotuma chenyewe.

Tatizo letu liko kwenye magari yenyewe. Kenya inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8. Uganda kwa sheria ya 2018 iliweka ukomo wa miaka 15. Tanzania haikatazi, inatoza ushuru zaidi kwa gari lililozeeka. Likishaingia, gari linaishi: linatoka kwa mfanyakazi wa ofisini, linakwenda kwa dereva teksi, linaishia Kigoma. Kidude cha serikali kikianza kusikiliza kesho, kitayasikia vizuri magari mapya yenye sensa kamili na masega yake. Ile Hiace ya dizeli ya zamani, inayoacha wingu jeusi kila ikitoka kituoni, haina kontroboksi ya kuulizwa. Yanayochafua zaidi ndiyo mabubu.

Na hata gari linaloongea linaweza kufundishwa uongo. Septemba 2015 Volkswagen ilikamatwa na mamlaka ya mazingira ya Marekani: programu ya injini ilijua gari liko kwenye kipimo, ikasafisha moshi, barabarani ikaachia. Magari kama milioni 11 duniani yalihusika. Soketi haikusema neno. Waliogundua ni watafiti waliobeba mashine ya gesi ndani ya gari na kuendesha barabara ya kawaida.

Kwa hiyo kama ningeulizwa, ningeanza na mwale wa barabarani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Donald Stedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Denver walitengeneza kifaa kinachopitisha mwale wa infraredi kukatiza barabara. Gari linapita, mwale unasoma uwiano wa gesi kwenye moshi wake, kamera inapiga picha ya namba. Hakihitaji soketi wala ridhaa ya kontroboksi. Hiace na Harrier mpya zinapimwa sawa. Kinataka njia moja ya magari, nafasi kati ya gari na gari, na mwinuko kidogo ili injini ifanye kazi. Foleni ya saa 12 jioni haifai, lakini njia ya kupandia daraja la Kijazi pale Ubungo, saa 5 asubuhi, ingefaa. Kipimo kimoja cha sekunde moja hakitoshi kumtoza mtu faini, ila kinatosha kumwita aje kwenye mashine.

Mashine hiyo ya kituoni haikwepeki. Rwanda ilianza 2025 kupima moshi kwenye ukaguzi wa magari, kwa mrija kwenye ekzosi, njia ya kawaida kabisa, na nadhani wamepatia. Mafuta angalau yameshatengenezewa njia: nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni kuanzia 2015, kwa hiyo kisingizio cha mafuta machafu kimepungua uzito.

Land Cruiser mkonga na dizeli nyingine je?

Mkonga wenye injini ya 1HZ pampu yake ni ya kimakanika. Hakuna cha kuchomeka. Moshi mweusi ni nozeli, pampu au ea klina. Wa bluu ni oili. Mweupe usioisha injini ikishapata moto ni maji au dizeli isiyoungua. Macho ya fundi mzuri yanatosha. Dizeli za kisasa zina mtego wa masizi, na hapo kidude kinasaidia kuona kama umejaa, mradi programu inalijua gari hilo.

Gari langu ni haibridi, Aqua.

Linaongea vizuri sana. Namba ya kuiogopa ni P0A80, betri kubwa. Kabla ya kuamini, safisha feni ya betri iliyo karibu na kiti cha nyuma. Vumbi la pale limeshawauzia watu betri nyingi.

Fundi wangu amekasirika nilipomwonyesha namba kwenye simu.

Usimwambie "ni sensa ya oksijeni, nibadilishie". Mwambie gari linafanya nini: linamisi asubuhi, linanusa petroli, linakula mafuta kuliko zamani. Picha ya skrini umtumie baadaye, ukimwomba atazame. Mafundi wengi wazuri hawapendi kuamriwa na simu, nami ni mmoja wao. Akikataa kabisa kuitazama, hapo tafuta mwingine.

Na bodaboda?

Nyingi zinatumia kabureta, hazina soketi wala kontroboksi ya injini ya kuulizwa. Zile chache za sindano ya mafuta zina plagi ya umbo lake, chini ya kiti, na waya wa kuigeuza unauzwa peke yake. Muulize muuzaji wa pikipiki kabla ya kununua kidude, maana pini hazifanani kati ya kampuni na kampuni.